NJIA MOJA, SERIKALI NYINGI: Mafunzo ya Virusi Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

Mji wa Tabora umejengwa mahali ambapo njia hukutana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo, ikapumzika, kisha ikagawanyika: mingine ilikwenda magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, na mingine ilishika njia ya kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Leo reli ya kati nayo hugawanyika papo hapo, tawi moja likielekea Kigoma na jingine Mwanza. Barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita Nzega, katika mkoa huo huo wa Tabora, kabla ya kufika Isaka na Kahama.

Zamani wapagazi walichukua mabegani pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya za shaba. Siku hizi malori huchukua mafuta, saruji na vyakula. Lakini pamoja na bidhaa hizo, njia hii imesafirisha pia magonjwa, na serikali nyingi, za zamani na za sasa, zimelazimika kuamua zifanye nini ugonjwa unapokaribia mlangoni.

Madhumuni ya makala haya ni kulinganisha maamuzi hayo. Tutatazama magonjwa matatu yaletwayo na virusi, nayo ni ndui, korona na Marburg, na tutauliza swali moja: kwa nini hatua iliyofaulu kwa ugonjwa mmoja, au katika nchi moja, ikashindwa kwingine? Wengi hudhani kwamba jibu ni utajiri wa nchi au ukali wa amri. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, jibu huanzia katika elimu ya viumbe na hesabu, na hapo ndipo mwanafunzi wa sekondari anapoweza kulifuata kwa kalamu yake mwenyewe.

Kirusi na kalenda yake

Kirusi ni kidogo mno kuliko bakteria, na hakiwezi kuzaliana peke yake. Sharti kiingie ndani ya chembe hai, ndipo kiilazimishe chembe hiyo kutengeneza nakala zake. Ndiyo sababu dawa zinazoua bakteria, kama vile penisilini, hazina nguvu juu ya virusi, na ndiyo sababu kinga ya mwili, ama iliyopatikana kwa kuugua ama kwa kuchanjwa, imekuwa silaha kubwa ya mwanadamu.

Kila kirusi kina kalenda yake. Serikali inayotaka kuzuia mlipuko yapaswa kwanza kujua mambo matatu. La kwanza ni kipindi cha kuatamia, yaani siku zinazopita tangu mtu aambukizwe hadi aonyeshe dalili. La pili ni siku ambayo mgonjwa huanza kuwaambukiza wengine. La tatu ni idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza, kwa wastani, mahali ambapo hakuna mwenye kinga.

Ndui ilikuwa na kipindi cha kuatamia cha siku 7 hadi 19, mara nyingi kati ya 10 na 14. Katika siku hizo mgonjwa alionekana mzima na hakuambukiza mtu. Alianza kuambukiza baada ya homa kushika, na hasa vipele vilipotokea. Marburg huatamia kwa siku 2 hadi 21, na mwenye ugonjwa huo pia haambukizi kabla ya dalili. Korona ni tofauti: huatamia kwa siku 2 hadi 14, na mwenye nayo aweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kujihisi mgonjwa. Wapo pia wanaoambukiza bila kuugua hata kidogo.

Tofauti hiyo ya siku mbili yaonekana ndogo. Tutaona kwamba imebadili historia.

Zama za misafara

Richard Burton, msafiri Mwingereza, aliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, ambapo ndipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Njiani alikutana na msafara mkubwa uliokuwa ukiteremka kwenda pwani, ambao ulikuwa umepoteza watu wapatao 50 kwa ndui. Aliona pia mifupa na maiti za wapagazi walioachwa kando ya njia.

Sasa tufanye hesabu. Mtu aliyeambukizwa pwani angeonyesha vipele kabla ya wiki tatu kwisha, akiwa bado mbali sana na Unyamwezi. Kwa hiyo mtu mmoja hakuweza kuibeba ndui kutoka Bagamoyo hadi Tabora akiwa bado anaonekana mzima. Ugonjwa ulifika kwa mnyororo: wa kwanza alimwambukiza wa pili, wa pili akamwambukiza wa tatu, na kuendelea. Tukichukua siku 16 kuwa wastani wa muda kutoka mgonjwa mmoja hadi anayemfuata, safari ya siku 134 ilihitaji vizazi 8 hivi vya maambukizi. Msafara mdogo, au wenye watu wengi waliokwisha kuugua zamani, uliweza kufika salama kwa kuwa mnyororo ulikatika njiani. Msafara mkubwa wa vijana wasiowahi kuugua ulikuwa kuni kavu.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini ulinzi wa zamani ulikuwa na maana. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki vijiji vilikataa kuupokea msafara wenye wagonjwa, na wenye ndui waliwekwa katika vibanda mbali na watu, wakihudumiwa na wale waliokwisha kuugua na kupona. Waliofanya hivyo hawakujua kirusi ni nini. Walijua kwa kuona kwamba aliyepona haugui tena, na kwamba mwenye vipele ndiye wa kuepukwa. Kwa ugonjwa wenye kalenda ya ndui, mambo hayo mawili ni nusu ya elimu yote inayohitajika.

Upungufu ulikuwa katika utawala wa njia nzima. Pwani palikuwa na mamlaka ya Sultani wa Zanzibar, Unyanyembe palikuwa na watemi wake pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu, na magharibi zaidi palikuwa na Mirambo, ambaye tangu mwaka 1871 alipigana na Waarabu hao na kuifunga njia ya Ujiji. Kila mmoja aliweza kulinda lango lake. Hapakuwa na mjumbe wa kuliambia lango linalofuata kwamba hatari inakuja.

Reli ilivyogeuza hesabu

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyochukua miezi sasa ilichukua siku. Kwa msafiri lilikuwa jambo la kushukuriwa. Kwa daktari wa serikali lilikuwa fumbo jipya. Mtu aliyeambukizwa Dar es Salaam aliweza kupanda treni, kushuka Tabora, kwenda kwao kwa miguu, kusalimiana na jamaa wote, na kukaa juma zima kabla ya kipele cha kwanza. Mlinzi aliyesimama stesheni akitazama nyuso za abiria hakuwa na kitu cha kuona.

Kanuni yake ni hii: *safari ikiwa ndefu kuliko kipindi cha kuatamia, ugonjwa hujifichua njiani, safari ikiwa fupi, ugonjwa huingia umejificha.* Katika hali ya kwanza lango lililofungwa laweza kutosha. Katika hali ya pili lango hupunguza kasi tu, na kazi kubwa inabaki ndani ya nchi: kumgundua mgonjwa mapema, kumtenga, na kuwatafuta wote waliokaribiana naye.

Serikali ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, zilitumia chanjo iliyotokana na ugunduzi wa Edward Jenner wa mwaka 1796. Hata hivyo, ndui haikutoweka Tanganyika katika enzi yote ya ukoloni. Sababu mojawapo ilikuwa dawa yenyewe: chanjo ya majimaji iliharibika upesi katika joto, na mtu aliyechanjwa kwa dawa iliyokufa alihesabiwa katika daftari kuwa amekingwa, kumbe sivyo. Sababu nyingine ilikuwa shabaha. Serikali zilihesabu watu waliochanjwa badala ya kuhesabu wagonjwa waliobaki.

Ndui ilivyong'olewa

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mkali wa kuing'oa ndui ulimwenguni kote. Vitu viwili vya kiufundi viliusaidia. Cha kwanza ni chanjo iliyokaushwa kwa baridi, ambayo ilistahimili joto kwa wiki kadhaa. Cha pili ni sindano yenye ncha mbili, ambayo mtumishi wa afya aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi sana.

Lakini badiliko kubwa zaidi lilikuwa la fikra. Tuseme mgonjwa mmoja wa ndui aliambukiza watu 4. Ili ugonjwa ukome kwa chanjo peke yake, kati ya kila watu 4 ambao angewafikia, 3 wawe na kinga, yaani asilimia 75 ya watu wote, tena kila mahali. Katika nchi yenye vijiji vilivyotawanyika, kama ilivyokuwa Tanzania ya miaka ya 1960, kufikia kiwango hicho kila mahali ni kazi ngumu mno. Basi wataalamu, wakiongozwa na mafanikio ya William Foege na wenzake mashariki ya Nigeria mwaka 1966 na 1967, waliuliza: kwa nini tusimtafute kila mgonjwa, tumtenge, kisha tuwachanje wote wanaomzunguka? Moto huzimwa kwa kuukatia njia pale unapowaka. Huna haja ya kulowesha pori zima.

Mbinu hiyo ilifaa kwa sababu ya kalenda ya ndui. Mgonjwa hakuambukiza kabla ya kuonekana, vipele vyake vilitambulika hata na mtoto wa shule, na aliyechanjwa siku chache baada ya kuambukizwa bado aliweza kuokoka. Wagonjwa wa mwisho wa Tanzania walipatikana mwaka 1970. Zaire ilifuata mwaka 1971.

Katika hatua hii ndipo tofauti kati ya serikali ilipodhihirika. Nchini Somalia taarifa za wagonjwa zilifichwa hapo mwanzo, na mwaka 1977 ugonjwa ukaenea hadi ukapata watu zaidi ya 3,000. Kenya nayo, ambayo ilikuwa imekwisha kuiondoa ndui yake, ilipata mwaka huo wagonjwa waliotoka ng'ambo ya mpaka. Serikali ya Somalia ilipogeuza msimamo, ikatangaza hali ya hatari na kupokea wasaidizi, kazi ilimalizika kwa miezi michache. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya mji wa Merka, ambaye vipele vyake vilitokea mwezi Oktoba 1977. Alipona, na baadaye alishiriki katika kampeni ya chanjo ya polio. Baada ya miaka miwili ya uchunguzi bila mgonjwa, tume ya kimataifa ilithibitisha Desemba 1979 kwamba ndui imekwisha, na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza rasmi Mei 1980.

Ndui ilikoma katika nchi tajiri na maskini, za kifalme na za kijamaa. Hapakuwa na aina moja ya utawala iliyoipatia ushindi. Kilichokuwa cha lazima popote ni mgonjwa kutajwa mapema bila aibu.

Korona katika njia ile ile

Mwezi Machi 2020 kirusi kipya kilifika Afrika ya Mashariki, safari hii kwa ndege. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13, Rwanda tarehe 14, Tanzania tarehe 16, Uganda tarehe 21 na Burundi tarehe 31. Nchi tano zilizo jirani, zenye biashara moja na barabara moja, zilipata ugonjwa mmoja katika muda wa siku 19. Ni nadra historia kuwapa wanasayansi nafasi nzuri kama hiyo ya kulinganisha.

Rwanda ilifunga shughuli karibu zote kuanzia tarehe 21 Machi, ikaanza kulegeza mapema Mei, na ikategemea sana upimaji. Kenya haikufunga nchi nzima; iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, ikazuia watu kuingia na kutoka katika maeneo kadhaa, Nairobi ikiwa mojawapo. Uganda, yenye uzoefu wa kupambana na Ebola tangu mlipuko wa Gulu wa mwaka 2000, ilifunga mipaka kwa wasafiri, usafiri wa abiria na shule. Shule zake hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, ingawa madarasa kadhaa yalirudi kwa awamu. Kwa karibu miaka miwili mamilioni ya watoto walikosa masomo, na wapo ambao hawakurudi tena.

Tanzania ilifunga shule na vyuo mwezi Machi, lakini haikufunga masoko, nyumba za ibada wala usafiri wa mikoani. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wananchi wengi hula kutokana na jasho la siku hiyo hiyo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na wachumi wa nchi nyingine waliitoa pia. Mwezi Mei Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa maabara kwa siri, zimeonyesha korona, akatilia shaka vipimo. Takwimu za mwisho zilikuwa zimetolewa kati ya mwishoni mwa Aprili na mapema Mei: wagonjwa 509 na vifo 21. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule zote tarehe 29 Juni 2020. Kwa muda wa mwaka mmoja hesabu hiyo ya 509 haikubadilika.

Burundi nayo iliendelea na shughuli zake, ikafanya uchaguzi mkuu tarehe 20 Mei 2020, na siku chache kabla yake ikamfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani. Mwisho wa Juni rais mpya, Évariste Ndayishimiye, aligeuza msimamo na kuitaja korona kuwa adui mkubwa wa nchi. Tanzania iligeuza msimamo mwaka 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu mwezi Aprili, takwimu zikaanza kutolewa tena, shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zaidi ya milioni moja, ikafika mwezi Julai, na tarehe 28 Julai Rais mwenyewe akachanjwa hadharani.

Barabara ya malori ilionyesha ugumu wa kila nchi kujiamulia peke yake. Dereva atokaye Dar es Salaam hufika mpaka wa Rusumo kwa siku chache tu, muda mfupi kuliko kipindi cha kuatamia. Rwanda iliamua kwamba madereva wa nje wabadilishwe mpakani. Madereva wa Tanzania wakalalamika, malori yakapangana foleni, hadi serikali mbili zikakutana Mei 2020 kutafuta mapatano. Mwezi huo huo Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na kukawa na mvutano juu ya vyeti vya vipimo. Ilikuwa ni njia ya misafara tena: kila mtawala na lango lake.

Ugumu wa kulinganisha takwimu

Mwanafunzi aweza kusema: tuzipange nchi hizi kwa idadi ya wagonjwa, tupate mshindi. Hapa yafaa tahadhari.

Idadi ya wagonjwa waliotangazwa si idadi ya wagonjwa waliokuwapo. Ni idadi ya waliopimwa, wakaonekana nayo, na wakaandikwa. Nchi inayopima watu wengi huandika wagonjwa wengi. Aidha, kila nchi huchagua nani ahesabiwe: Mei 2020 Uganda iliamua kutowaingiza madereva wa kigeni katika hesabu yake, na jumla ya nchi ikashuka kwa siku moja bila mgonjwa hata mmoja kupona. Nayo namba iliyosimama, kama ile 509, haituambii kwamba ugonjwa umesimama. Yatuambia kwamba kalamu imesimama.

Umri wa wananchi pia huathiri hesabu. Korona iliua zaidi wazee, na Afrika ya Mashariki ina vijana wengi. Nchi mbili zaweza kuchukua hatua zile zile zikapata vifo tofauti sana kwa sababu hiyo tu.

Kupima si lazima kuwe ghali kupita kiasi, na hapa hisabati ilitoa msaada. Tuseme kuna watu 100 na mmoja tu ana kirusi. Ukimpima kila mmoja, utatumia vipimo 100. Ukiwagawa katika makundi 10 ya watu 10, ukachanganya sampuli za kila kundi, vipimo 10 vitakuonyesha kundi lenye ugonjwa. Vingine 10 vitakuonyesha mtu mwenyewe. Jumla ni 20. Wanasayansi nchini Rwanda waliboresha wazo hili kwa hesabu za juu zaidi. Nchi yenye fedha kidogo ina sababu zaidi ya kutumia hesabu.

Marburg: Bukoba, Kigali, Biharamulo

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na sasa. Kirusi cha Marburg, kilichopewa jina la mji wa Ujerumani kilikogunduliwa mwaka 1967, hutunzwa na popo fulani walao matunda. Humwingia binadamu hasa mapangoni na migodini, kisha huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti.

Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza, katika Mkoa wa Kagera. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza wake. Wengi wa wagonjwa walikuwa watumishi wa afya wa Kigali. Serikali ilitoa hesabu mara kwa mara, ikatumia dawa na chanjo zilizokuwa bado katika majaribio, na hadi tamati ya tarehe 20 Desemba wagonjwa walikuwa 66 na waliokufa 15. Mwezi Januari 2025 Marburg ilizuka tena Kagera, wilayani Biharamulo, ambako barabara ya malori ya Rusumo hupita. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema sampuli hazikuonyesha ugonjwa. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais alithibitisha kwamba upo. Ulikwisha tarehe 13 Machi. Katika mlipuko huo walihesabiwa watu 10, wote wakafa, lakini 8 kati yao hawakupimwa maabara: walihesabiwa kwa dalili na kwa uhusiano wao na wagonjwa.

Tukigawanya, tunapata vifo asilimia 67 Bukoba, 23 Rwanda na 100 Biharamulo. Je, kirusi kilikuwa na ukali tofauti? Hatuwezi kusema hivyo. Watu 9 au 10 ni wachache mno kwa hesabu ya asilimia: kifo kimoja zaidi au pungufu hubadili jibu kwa pointi 10 au zaidi. Tena mlipuko unaogunduliwa umechelewa huonekana kuua zaidi, kwa kuwa anayefikiwa na daktari akiwa hai ana nafasi ya kutibiwa, na anayehesabiwa baada ya kuzikwa hana. Kwa hiyo asilimia hizo hupima mapema ya kugundua, si ukali wa kirusi peke yake.

Jambo moja lilikuwa sawa katika milipuko yote mitatu. Kwa kuwa mwenye Marburg haambukizi kabla ya dalili, mbinu ile ya zama za ndui ilitosha: mtafute mgonjwa, mtenge, wafuatilie waliokaribiana naye kwa siku 21. Hapakuhitajika kufunga masoko wala shule za nchi nzima. Na siku 42 zinazosubiriwa kabla ya kutangaza mwisho si namba ya kubahatisha. Ni 21 mara mbili.

Hitimisho

Ulinganisho huu unatupatia kanuni chache. Kwanza, hatua ifuate kalenda ya kirusi. Kufunga mpaka kulifaa kwa msafara wa miguu. Kwa korona, inayoambukiza kabla ya kuonekana, kulipunguza kasi tu. Pili, kila hatua ina bei yake, na bei hiyo haina budi kuandikwa katika daftari lile lile. Shule zilizofungwa Uganda na vibarua waliokosa chakula Kigali ni sehemu ya hesabu, kama walivyo waliokufa bila kuhesabiwa mahali pengine. Tatu, hakuna lango la nchi moja linalotosha katika njia ya nchi nyingi. Nne, na hii ndiyo iliyojirudia tangu Somalia ya 1977 hadi Biharamulo ya 2025, kuchelewa kutaja ugonjwa hulipiwa kwa maisha. Serikali zilizogeuza msimamo zilipata faida mara tu zilipogeuza, na kugeuka huko kulikuwa ushujaa, kwa kuwa sayansi yenyewe huendelea kwa kusahihisha.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Chora ramani ya njia ya Bagamoyo hadi Tabora. Weka alama mahali ambapo mtu aliyeambukizwa ndui siku ya kuondoka angeonyesha vipele siku ya 12: kwa miguu, akienda kilomita 10 kwa siku, kisha kwa treni ya mwaka 1912, kisha kwa basi la leo. Rudia kwa korona, ukichukua siku ya 5 kuwa siku ya dalili na siku ya 3 kuwa siku ya kuanza kuambukiza. Halafu ujiulize: ungekuwa mganga mkuu wa mkoa, ungeweka watumishi wako wapi? Darasa likishatoa majibu yake, litaona kwamba katika ramani ya kwanza wanasimama njiani, na katika zile nyingine karibu wote wanasimama vijijini, katika zahanati, penye mtu wa kwanza atakayesema, "Nina homa."